Nailoni Chini ya Sweta

Machi 4

Wanawake wenzangu wa mapambano, ninyi mnaopanda mizani kila asubuhi kama washtakiwa wanaopanda kizimbani!

Hivyo ndivyo nitakavyoanza Jumamosi. Ninaandika hapa kana kwamba mmekwisha kuketi mbele yangu, kwa sababu sijapata kujua kuandika bila kadamnasi. Mwalimu wangu wa siasa husema kwamba nikifungiwa chumbani peke yangu nitaihutubia ndoo. Hakukosea sana.

Jambo lenyewe ni hili. Chini ya bweni letu kuna chumba cha vyuma. Wavulana wamekikalia tangu chuo kijengwe, na wasichana hukipita wakielekea uwanjani kukimbia ili wapungue. Wameaminishwa kwamba mwanamke akigusa chuma ataota mabega ya kuli, na kwamba dawa ya unene ni mbio, na mbio zikishindwa, mbio zaidi. Nimeapa kuuvunja uongo huo muhula huu.

Sababu yangu mnaijua wachache. Tulizaliwa mabinti watatu. Dada yetu mkubwa alianguka barabarani masika yaliyopita, akikimbia mvuani, harusi yake ikiwa imekaribia. Walipomfungua sweta walikuta amejizungushia nailoni kuanzia kwapani hadi nyongani ili atoke jasho zaidi. Moyo ulikuwa umekwisha kusimama. Mama anasema nailoni ile ilipochanwa, mvuke ulitoka.

Mbio zilimuua dada yangu. Hiyo ndiyo hoja yangu, na sitaiachia.

Machi 8

Ukumbi ulijaa hadi madirishani. Nilizungumza vizuri, najua ninapozungumza vizuri, kwa maana watu husahau kukohoa. Kisha akasimama kiongozi wa wanaokimbia. Anasoma sheria, nasi humwita Wakili. Hana sauti kubwa, na hilo ndilo linaloniudhi kwake: humlazimu mtu anyamaze ili amsikie.

"Kipaza," akasema, kwa jina ambalo chuo kizima kimenibandika, "unasema vyuma vinapunguza mwili. Vimempunguza nani?"

"Vitatupunguza sisi."

"Lini? Maana mimi tangu nianze mbio, sketi zangu zote zimenikimbia."

Ukumbi ukaangua kicheko. Damu ikanipanda kichwani.

"Basi tupimane!" nikasema. "Kundi lako na langu. Mwisho wa Aprili mizani iamue. Watakaoshindwa, kundi lao livunjwe, na kiongozi wao asisimame tena katika ukumbi huu."

"Mizani? Una hakika unataka mizani?"

"Mwenye haki haogopi kupimwa."

"Haya. Usije ukasema hukuonywa, mwenzangu."

Wa kwanza kujiunga nami alikuwa mdogo wangu, Kitinda, aliyeingia chuo mwaka huu. Alikuja mbio jukwaani akanikumbatia. "Dada, tutawashinda!" akaninong'oneza. Zamani aliniita kwa jina langu la utotoni. Tangu tumzike mkubwa wetu ananiita "dada," na kila aniitapo hivyo huwa nataka kugeuka nione anamwita nani.

Machi 9

Nyumbani. Mama alikuwa kwenye cherehani, futi ya kitambaa ikiwa shingoni kama kawaida yake. Gauni la harusi la marehemu bado limening'inia kwenye mlango wa kabati, jeupe, halijawahi kuvaliwa. Mama hulipangusa vumbi kila asubuhi. Hatuliongelei. Mlango wa kabati ukifunguliwa, gauni hutangulia mbele kana kwamba linatoka kuja kumpokea mgeni.

Machi 15

Siku ya kwanza ya vyuma. Mvulana mmoja, mwenye shingo pana kuliko maarifa yake, alitupokea mlangoni: "Akina dada, saluni iko upande ule."

Kabla sijafungua hotuba, Mama Pacha alimjibu. Huyu ni mwanafunzi mwenzetu wa makamo, mama wa mapacha, amerudi shuleni baada ya kulea. "Mwanangu," akasema, "mimi nimebeba watu wawili tumboni na ndoo kichwani. Wewe umebeba nini tangu uzaliwe zaidi ya hiyo simu?"

Tukaingia. Tulichuchumaa na vyuma mabegani, tukainuka, tukachuchumaa tena. Tulipotoka tulitembea kama watu walioshushwa kutoka juu ya ngamia.

Machi 17

Ngazi nazishuka kinyumenyume. Mapinduzi yana maumivu ya mapaja.

Machi 20

Mvua mchana kutwa. Wenzangu walipoondoka nilibaki chumbani mwa vyuma peke yangu. Nilikuwa nimelala chali juu ya benchi, chuma kikiwa juu ya kifua, mikono imenyooka, nilipousikia. Ulikuwa mchakacho mwembamba, kama mtu anayekunja mfuko wa nailoni polepole asimwamshe mtoto. Ulitoka upande wa mlango. Ukasogea. Ukasimama nyuma ya kichwa changu.

Mtu aliyeshika chuma kizito juu ya kifua hawezi kugeuka. Nilikitazama kile chuma, nacho kikatetemeka.

Nilipofanikiwa kukishusha hapakuwa na mtu. Sakafuni, karibu na mlango, palikuwa na maji kidogo. Nilijiambia paa linavuja. Paa halivuji upande ule.

Machi 29

Tumepima kwa majaribio, makundi yote mawili, mizani imewekwa ukumbini. Waliokimbia wameshuka wote. Sisi tumesimama palepale, na wawili wetu wameongezeka.

Mama Pacha alishika kiuno cha sketi yake akaivuta mbele ya wote. Ngumi nzima ilipita. "Haya niambieni, kati ya mizani na sketi, mwongo ni nani? Jana nimepanda ngazi na wanangu wote wawili mgongoni na kifuani, sijahema. Mimi mizani yenu siielewi, ila mwili wangu nauelewa."

Nilipaswa kumsikiliza. Nilikuwa nimekwisha kusoma kwamba mnyanyua vyuma hupoteza mafuta huku akijenga nyama, na mizani haitofautishi kimoja na kingine. Kwamba mbio huanza kwa kasi kisha mwili ukazoea. Kwamba hakuna kati ya hivyo viwili kinachofaa kitu bila chakula cha maana. Nilijua. Lakini ni mimi niliyeitaka mizani, mbele ya kadamnasi, na kiongozi akimeza neno lake hadharani hulitapika milele. Basi nikapanda juu ya benchi.

"Kila kilo inayobaki juu ya mizani hii," nikasema, "ni kura mnayompigia adui!"

Walipiga makofi. Kitinda alipiga ya mwisho, peke yake, wengine walipokwisha kuacha.

Aprili 2

Mvua.

Aprili 3

Mvua. Mtihani wa nadharia ya dola. Nilijaza karatasi na kuomba nyingine.

Aprili 6

Nyumbani na Kitinda. Mama aliandaa meza. Kitinda akasema amekula chuoni. Chuoni husema amekula nyumbani. Nimeliona hilo, na naliita nidhamu.

Alipokwenda kuoga, Mama alisimamisha cherehani. "Umemtazama mdogo wako?" akaniuliza. "Anazidi kufanana naye. Hata mashavu."

Aliyasema kwa sauti ya mtu aliyerudishiwa kitu alichokwisha kukikatia tamaa. Nami nilifurahi kuiona furaha yake. Tulikaa pale wawili, tukisikiliza maji yakimwagika bafuni, tukimfurahia maiti.

Aprili 11

Nimeona.

Niliamka kabla ya kengele, kukiwa kumeanza kupambazuka, mvua ya rasharasha na ukungu umelala uwanjani. Dirisha letu linatazama njia ya kukimbilia. Kitanda cha Kitinda kilikuwa kimetandikwa. Nilidhani amewahi maktaba. Ndipo nikamwona mwanamke akikimbia peke yake upande wa mbali. Sweta ya kijivu. Kofia ya sweta imefunika uso. Ule mkono wa kushoto uliobanwa ubavuni, kama wa mtu anayezuia kichomi. Dada yetu alikimbia hivyo. Hapakuwa na mwingine aliyekimbia hivyo.

Alipopita chini ya dirisha nilisikia mchakacho.

Nilimwita kwa jina lake, jina la marehemu, ambalo sijalitamka tangu mazishi. Alisita hatua moja. Hakuinua uso. Akaendelea.

Mnanijua. Nimewahi kusimama mbele ya wakuu wa chuo nikawaambia wao ni waajiriwa wa karo zetu. Askari wa getini hunipa njia. Asubuhi hii nilifunga dirisha, nikafunga mlango kwa komeo, nikajifunika shuka hadi utosini nikasubiri kuche vizuri. Sikushuka kwenda kumtazama. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa: sikushuka.

Aprili 12

Wakili alinisimamisha nje ya maktaba.

"Kuna mtu wako anakimbia peke yake alfajiri, mvuani," akasema. "Si wangu. Wangu hatukimbii peke yetu, na mtu hatoki tumbo tupu."

"Umemwona uso?" nikauliza.

"Amejifunika. Nilimwita, akaongeza mwendo. Kipaza, anakimbia vibaya. Anayumba."

Kwa hiyo hata yeye amemwona! Nilipata faraja ya ajabu, faraja ya mwendawazimu aliyepata shahidi. Na kwa kuwa sikuweza kumwambia Wakili kwamba aliyemwona amelala kaburini, nilimwambia anaeneza propaganda ili kuwavunja moyo watu wangu.

Alivuta pumzi. "Unajua kwa nini nakimbia mimi?" akasema. "Nyumbani tuko kumi na mmoja. Uwanjani ndipo pekee ambapo hakuna anayeniuliza kitu. Kupungua kulikuja kwenyewe, na sasa kumegoma. Wiki mbili sasa niko palepale. Bado nakimbia. Wewe mbio zimekukosea nini?"

Niligeuka nikaingia maktaba.

Aprili 14

Kitinda ana midomo mikavu. Anasema ni baridi.

Aprili 19

Nimemsikia tena, ngazini, alasiri. Safari hii mchakacho ulipanda ghorofa hadi ghorofa na kukomea mlangoni petu. Nilingoja. Kitasa kikazunguka. Aliyeingia alikuwa Kitinda, amelowa, akanikuta nimesimama katikati ya chumba na mwavuli mkononi kama rungu.

"Vipi, dada? Unamsubiri nani?"

"Umekutana na mtu ngazini?"

"Hapana," akasema, akapita haraka kwenda bafuni akiwa na sweta yake. Nilikaza masikio kuelekea ngazini, kusikia kama yule mwingine bado yupo.

Aprili 22

Sina la kuandika. Mvua haina mwisho.

Aprili 26

Ninaandika kwenye kiti cha zahanati ya chuo. Yupo hai. Nalitanguliza hilo ili mkono uweze kuendelea.

Tulikusanyika chumbani mwa vyuma kabla ya kwenda ukumbini kupimwa. Wakili na watu wake walikuwa wamekuja kutuchukua, kwa utani mwingi. Mama Pacha alikuwa amemwambia mmoja wao kwamba akipulizwa na feni atahitaji nauli ya kurudi. Watu walicheka. Katikati ya kicheko kile, mchana kweupe, kila mtu akiwapo, nikausikia mchakacho.

Ulikuwa karibu yangu kuliko siku zote. Niligeuka, na aliyekuwa nyuma yangu ni Kitinda, ndani ya sweta ya kijivu. Niliitambua wakati ule tu. Ilikuwa ya marehemu, aliichukua nyumbani. Uso wake ulikuwa mkavu na mwekundu, bila tone la jasho. Nilimwekea mkono mgongoni, na chini ya sufi kitu kikachakarika.

"Kitinda," nikasema. "Ni wewe uliyekuwa ukikimbia?"

"Ilibaki kidogo tu, dada," akasema. "Usiwaambie."

Akaanguka.

Kulikuwa na kelele. Namkumbuka Mama Pacha akiirarua ile sweta kwa meno, na nailoni ikichanika, na mvuke. Nilikuwa nimesimuliwa mvuke ule. Sasa nimeuona.

Barabara ya zahanati ilikuwa imefunikwa na maji, gari lisingepanda. Nilimwinua mdogo wangu. Mapaja yaliyoumia muhula mzima yalisimama, mgongo ulisimama, na nikashuka naye kilima kwenye tope kama niliyebeba mkungu wa ndizi, na kilichonitisha ni wepesi wake. Wakili alivua raba akakimbia mbele peku. Sijapata kuona binadamu akikimbia namna ile, pasipo kukimbia kitu chochote. Nilipofika nusu ya njia alikuwa amekwisha kurudi na muuguzi na machela.

Njiani Kitinda alifumbua macho mara moja.

"Nimepungua?" akauliza.

Aprili 26, jioni

Muuguzi amemtundikia maji. Ni mwanamke mkali, asiye na muda wa wasomi.

"Kiongozi wa hawa watu ni nani?"

"Ni mimi."

"Huyu hajapoteza mafuta, amepoteza maji. Angekunywa vikombe viwili mizani ingerudi palepale. Hali, hanywi, anajifunga nailoni kama andazi la dukani, halafu anakimbia. Nani kamwambia?"

Kitinda, kutoka kitandani, kwa sauti ya mgonjwa anayemtetea shujaa wake: "Hakuna aliyeniambia. Dada alisema tu kila kilo ni kura kwa adui. Nikaona vyuma vinachelewa. Nikasema nisaidie kidogo."

Muuguzi akanitazama, akaondoka.

Alfajiri ile nilimwita kwa jina la marehemu naye akasita. Nimemuuliza sababu. "Nilidhani umeniona," akasema. "Halafu ukafunga dirisha, nikajua hukuniona mimi."

Ndugu zangu, nimelaani mengi majukwaani, lakini sina maneno ya kulilaani dirisha lile.

Aprili 28

Mama alikuja. Alisimama mlangoni mwa wodi, futi bado shingoni, akamtazama Kitinda amelala. Niliona akilitafuta lile lile alilolifurahia siku ile, yale mashavu yaliyobonyea, na nikaona alivyoogopa alipoliona.

Tulirudi nyumbani wawili. Hakuvua hata viatu. Alikwenda moja kwa moja kabatini, akaliteremsha gauni, akalitandaza juu ya meza ya kushonea na kulipindua ndani nje.

"Njoo uone."

Kando ya mishono ya ubavuni, ndani, kitambaa kilikuwa kimekunjwa na kushikizwa kwa uzi mwepesi, upana wa kiganja kila upande.

"Nililishona dogo makusudi," Mama akasema. "Mafundi tunafanya hivyo. Bibi harusi akiona limebana kidogo anajitahidi, siku ikifika linamkaa vizuri, anakushukuru. Akishindwa, unalifumua usiku mmoja tu, wala hajui. Kitambaa kipo. Kilikuwepo siku zote." Alipitisha kidole juu ya mkunjo. "Nilikuwa nangoja aje aniambie, Mama, limenishinda. Hakuja. Hakuwa mtu wa kushindwa."

"Mama."

"Ningemwambia mimi, mwanangu. Ningemwambia tu, mama, mbona nguo inafumulika."

Nikamwambia yaliyo yangu: kilo, kura, dirisha. Hatukufarijiana. Alichukua kiwembe, akanipa upande mmoja wa gauni na yeye akashika mwingine, tukafumua. Uzi ulikatika taratibu, tii, tii, tii. Tulipomaliza gauni lilikuwa pana na limelegea, na pale palipokuwa na mkunjo kitambaa kilikuwa cheupe zaidi ya kwingine. Mama alilikunja akaliweka ndani ya kabati, akafunga mlango. Mlango ulifungika.

Mei 1

Kitinda amekunywa uji. Bakuli zima. Amelalamika kwamba hauna sukari.

Mei 3

Wakili amenitoa uwanjani. Nilimwambia siwezi, nyayo zangu hazijagusa njia ile tangu mazishi. "Hatukimbii," akasema. "Tunatembea, mtu akichoka kutembea anakimbia kidogo apumzike." Tulicheka. Kwenye kona ya mbali miguu yangu ilianza yenyewe, polepole, mwendo ambao tuliweza kuzungumza. Moyo ulinipiga kama wa mtu mwingine. Sikufa.

Mbio hazikumuua dada yangu. Nimebeba hoja ile mwaka mzima kwa sababu ilikuwa nyepesi kuibeba.

Kisha tulikwenda chumbani mwa vyuma nikamfundisha kuchuchumaa. Kwa mara ya kwanza Wakili akapaza sauti.

Mei 6

Kikao kimeniuliza kundi lipi livunjwe. Nimesema mkataba niliuweka mimi na nimeshindwa mimi: sitasimama tena jukwaani katika ukumbi ule. Mama Pacha akasema, "Afadhali, masikio yapone." Mizani tumeirudisha stoo ya jikoni, ilikotoka. Ilinunuliwa kupimia magunia.

Mei 8

Mvua za mwisho. Kitinda amerudi bwenini, na leo alasiri amelala, anapumua vizuri, mikono wazi juu ya shuka, amevaa fulana tu. Nilimwangalia mara mbili. Nikausikia mchakacho. Ngazini, ukipanda.

Niliogopa kama mwanzo. Lakini nilikwenda nikafungua mlango. Ujia wa ghorofa ulikuwa mtupu, na sakafuni palikuwa na maji kidogo, kama pa mtu aliyesimama akisubiri kukaribishwa. Sikuhutubia. Nilisema tu, kwa sauti ya nyumbani, "Dada, gauni tumelifumua. Ingia upumzike." Nikauacha mlango wazi mpaka sakafu ilipokauka.

Wanawake wenzangu, kwa kuwa jukwaa si langu tena, nitalibandika tangazo hili mlangoni nalo lisomeke hivi: tutakutana Jumamosi saa moja asubuhi, mbele ya chumba cha vyuma, mvua inyeshe isinyeshe. Wenye raba waje na raba, wasio nazo waje hivyo hivyo. Tutatembea, tutakimbia, tutanyanyua. Hapatakuwa na mizani. Hakuna atakayeingia na sweta kabla hajaifungua. Mdogo wangu atakuwepo, ameketi, na chupa ya maji.

Njooni mmekula.